Simu ya baba mdogo haifunguki

Najua nimepotea. UE zilitubana, na zilipoisha tu nikapanda basi kwenda Mikumi kwenye arobaini ya baba mdogo, kisha nikapitia Kilosa kumsalimia bibi. Wote mlionitumia rambirambi, asanteni sana. Mama mdogo nimemfikishia salamu zenu moja moja.

Leo lakini siandiki msiba. Naandika kuhusu simu aliyoiacha marehemu, maana kila ninayemweleza habari zake hapa Morogoro ananijibu maneno yale yale: "Si muiriseti tu?" Nimesikia "riseti tu" mpaka nimechoka, nikaona bora nikae chini niandike.

Haya, twende taratibu.

Baba mdogo alikuwa fundi wa matairi pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, kule malori yanakopaki usiku. Mwaka 2022 akanunua simu kubwa, hizi za kupangusa. Aliitumia kama wazee wengi wa rika lake: kupiga, kupokea, WhatsApp ya familia, na kupiga picha kila karatasi iliyopita mkononi mwake. Daftari la madeni, picha. Risiti ya mabati, picha. Mkataba wa shamba, picha tatu, na ya nne kwa ajili ya uhakika.

Tulikuwa tunamcheka, ila sababu alikuwa nayo. Kwao ni Kilosa mjini, upande ule ambao Mto Mkondoa ukikasirika unaingia ndani bila hodi. Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, yale yaliyokata reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi kwenye mahema, yaliwakuta nyumbani. Bibi alitoka na ndoo moja na wajukuu wawili. Picha za harusi, vyeti vya ubatizo, barua za babu, vyote vikaenda na maji. Tangu hapo baba mdogo akawa haamini karatasi hata kidogo. Simu ndiyo ikawa sanduku lake.

Sasa sanduku limefungwa na funguo ameondoka nazo.

Simu yake alikuwa anaifungua kwa kidole. Nyuma ya kidole kuna pateni, ile ya kuchora mstari kwenye vidoti tisa, na kwa kuwa kidole kilikuwa kinafanya kazi kila siku, hakuna mtu aliyewahi kumwona akiichora. Mama mdogo mwenyewe hajui. Watoto wamejaribu L, wamejaribu Z, wamejaribu herufi ya kwanza ya jina lake na ya jina la mama yao. Ukikosea mara tano simu inakwambia subiri sekunde 30, ukizidi kukosea muda unaongezeka. Binamu yangu akasema tuendelee tu, ipo siku tutaipatia. Nikamwambia dogo, pateni zinazowezekana kwenye vidoti tisa ni 389,112. Hata kila jaribio lingekuwa sekunde 30 tu, bila kulala wala kula, ni kama siku 135. Akaiweka simu mezani.

Basi bwana, kufika kwangu ikawa nafuu kwa familia. "Msomi amekuja, ataifungua." Mimi nasoma mambo ya udongo jamani! Ila nyumbani ukishasema uko chuo, basi chuo ni kompyuta, na kompyuta ni simu. Nikabebwa na mama mdogo mpaka kwa fundi simu pale karibu na stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii simu ya mzee wako, tunaomba utufungulie."

Fundi akaigeuza, akaiwasha, akaiangalia. "Elfu kumi na tano mama. Naifuta, inakuwa kama ilivyotoka dukani."

"Na vitu vyake vya ndani?"

"Vya ndani vinaondoka mama. Ila simu unaipata."

Namshukuru yule kijana, alisema ukweli. Wa pili tuliyemfuata alikuja na ahadi: anariseti kwanza, halafu ana programu ya kurudisha picha zote, elfu arobaini. Hapo ndipo nilipomshika mama mdogo mkono tukatoka.

Wadau, hili naomba mlielewe vizuri maana linawala watu hela. Zamani kidogo, ukifuta simu, picha zilikuwa zinabaki chini chini kama maandishi ubaoni yaliyofutwa vibaya, na mtu mwenye programu aliweza kuziokota. Simu za sasa ziko tofauti. Kuanzia Android 6 ya mwaka 2015, simu mpya zenye uwezo wa kutosha zilitakiwa kuja na data iliyofichwa kwa fumbo tangu kiwandani, na zilizotoka na Android 10 ya mwaka 2019 kwenda mbele zote ziko hivyo. Kila picha inaandikwa kwa lugha ambayo ufunguo wake unakaa ndani ya simu yenyewe. Ukiriseti, kinachouawa ni ule ufunguo. Fumbo bila ufunguo ni takataka, na hakuna programu ya elfu arobaini inayosoma takataka. Kwa simu ya miaka hii, anayekuahidi kurudisha picha za ndani baada ya kuriseti ama hajui ama anakuibia.

Haya, tuseme tungekubali kupoteza vya ndani ili mama mdogo apate simu. Hapo kuna kufuli la pili, ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa nguvu kwa vitufe vya pembeni, ikiwaka inauliza: akaunti ya Google iliyokuwa humu ni ipi, na pasiwedi yake? Au inataka pateni ya zamani. Ni kinga dhidi ya wezi. Mwizi akijua kwamba simu aliyoiba itabaki tofali, hana sababu ya kuiba. Marekani, majimbo ya Minnesota na California yalipitisha mwaka 2014 sheria za kulazimisha kinga ya namna hiyo kwenye simu mpya, zikaanza kazi Julai 2015. Wazo zuri kabisa.

Swali ni hili: akaunti ya Google iliyomo kwenye simu ya baba mdogo ni ya nani?

Nilimuuliza mama mdogo. "Imeili? Baba yako alikuwa hana imeili."

Alikuwa nayo, ila hakujua kama anayo. Siku aliponunua simu, kijana wa dukani alimfungulia ili apate WhatsApp. Jina akaweka yeye, pasiwedi akaweka yeye, na namba ya kurudishia akaunti akaweka yake mwenyewe kwa sababu ndiyo aliyokuwa anaikumbuka. Yule kijana tulimtafuta, sasa yuko Ifakara. Akapokea vizuri tu. "Pole sana kaka, mzee namkumbuka. Ila imeili nimewafungulia watu zaidi ya mia. Na ile laini yangu ilishapotea."

Wajameni, fikirieni vijijini kwetu kuna simu ngapi za namna hii. Mama zetu, babu zetu, makonda, mama lishe. Risiti ina jina la mtu mmoja, simu iko mkononi mwake, lakini kwa macho ya Google mwenye simu ni akaunti ambayo pasiwedi yake iko kichwani mwa kijana wa dukani, na kijana mwenyewe ameshaisahau. Tumezoea kuona wazee hawajui simu. Mimi naona wamenunua kitu ambacho mpaka leo hawajakabidhiwa.

Akaunti ile isingetufungulia skrini, tuelewane. Ila ingetupa bekapu ya WhatsApp kama alikuwa anayo. Laini yake tunayo, tungeiweka kwenye simu nyingine, tukasajili WhatsApp, na mazungumzo yangeshuka kutoka Google. Bila akaunti, yanabaki kule juu mawinguni na sisi tuko chini tunatazama.

Kufungiwa simu si kitu kigeni nchi hii. Mnakumbuka tarehe 17 Juni 2016, TCRA walipozima simu feki zote? Tulikuwa tunabonyeza *#06# kupata namba ya IMEI na kuituma 15090 tujue kama yetu inapona. Halafu Januari 2020, laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa. Na siku hizi kuna simu za mkopo, unalipa kidogo kidogo kila siku, ukikosa zinajifunga, na hata ukiriseti kufuli linakusubiri palepale. Ila tazameni tofauti. Simu feki ya 2016 ilikufa kwenye mtandao, lakini picha zako ulizifungua kama kawaida. Mjomba alikaa na yake miaka miwili kama albamu. Hii ya baba mdogo ni kinyume. Mtandao unakamata, chaji inakaa, watu wanapiga inaita na tunapokea. Ila mlango wa ndani haufunguki.

Tukarudi nyumbani. Mama mdogo kwanza alikuwa na hofu ya pesa. Alidhani salio la marehemu limo ndani ya simu, na kuriseti kungelifuta. Hapana. Pesa za simu zinakaa kwenye akaunti ya namba kwa kampuni ya simu. Hata simu ikitumbukia Mkondoa, pesa iko palepale. Kinachotakiwa ni karatasi za mirathi: cheti cha kifo na barua ya msimamizi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Hilo lilimtoa presha nusu.

Nusu nyingine tukaanza kuitafuta kidogo kidogo, nje ya simu.

Tulitoa memori kadi. Mlikuwa na nyimbo, mpira, na picha kama sitini zilizotoka kwenye simu yake ya zamani. Siyo haba. Daftari la madeni lenyewe bado lipo, limejaa grisi, mama mdogo alikuwa analikalia bila kujua. Mkataba wa shamba ulikuwa mgumu kidogo. Shamba liko Ulaya. Naam, Ulaya, tena bila pasipoti, iko kwenye njia ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa. Nilishuka pale, nikaenda ofisi ya kijiji na barua ya mama mdogo, na mtendaji akatoa jalada. Nakala ipo, mhuri upo, mashahidi wote wanne wako hai. Karatasi ambayo baba mdogo hakuiamini ndiyo iliyomwokolea mke wake shamba.

Halafu sauti. Baba mdogo alikuwa hapendi kuandika, kila kitu anabonyeza anaongea. "Haloo wanangu, hapa Mikumi tembo wamepita karibu na barabara, msafiri anayekuja aje mchana." Mama mdogo alikuwa analia kwamba sauti yake imefungiwa mle ndani. Nikamwambia, mama, sauti aliyotutumia sisi iko kwetu. Nikaandika kwenye grupu la familia: kila mtu atafute. Shangazi wa Dar alikuwa nazo tangu 2023. Mimi nilikuwa nazo thelathini na kitu. Binamu mmoja aliwahi kuriseti simu yake ili iwe nyepesi, kwake hakukuwa na kitu. Kwa siku tatu zikaja sauti mia moja na zaidi, nyingine za kugombana kuhusu mchango wa sendoff. Mama mdogo alizisikiliza zote, hata zile za ugomvi. Hasa zile za ugomvi.

Kwa hiyo tukapata karibu vyote. Ila kimoja hatujapata, na hicho ndicho kinachofanya nisiseme "riseti tu".

Mwaka 2020, kabla hajanunua hii simu, baba mdogo alikaa na babu barazani Kilosa akamrekodi kama dakika arobaini. Babu anaeleza kwa Kisagara ukoo ulikotoka, nani alizaliwa na nani, nani alikwenda kukata mkonge na hakurudi. Babu alifariki 2021. Rekodi ikahamishiwa kwenye simu mpya, memori kadi tumeitafuta hadi mwisho, haimo. Kuituma hakuituma kwa mtu, alikuwa anasema faili ni kubwa, bando litaisha, tukikutana Krismasi nitawapa. Zilipita Krismasi mbili, na kila mara kulikuwa na jambo.

Alivyovigawa vimepona. Hicho kimoja alichokitunza kwa uangalifu kuliko vyote ndicho kimefungwa.

Usiku wa mwisho pale Mikumi tulikaa kikao. Binamu akasema simu bado nzima, ikifunguliwa mama apate ya kutumia au iuzwe, hata elfu themanini haikosi. Mkubwa mmoja akaunga mkono. Mama mdogo alikuwa anachambua mchele wa kesho, anawapikia madereva. Hakuinua kichwa.

"Elfu themanini nitaipata kwenye wali. Hiyo iacheni."

Ikazimwa, ikafungwa kwenye khanga, ikaenda kabatini. Laini iko kwenye kitochi ili anayepiga asiyejua aambiwe. Labda pateni itamjia mtu siku moja. Labda kwenye karatasi fulani aliichora. Simu ikiwa imefungwa, hilo "labda" lipo. Ikirisetiwa, halipo tena.

Sasa wanachuo wenzangu, tunakwenda likizo. Bumu limekwisha, najua, lakini haya hayana gharama kubwa:

1. Kaa na mzazi dakika ishirini. Fungua simu yake, angalia akaunti ya Google iliyomo ni ipi. Kama haijui, mfungulie yake, jina lake, namba yake ya kurudishia, na pasiwedi aiandike kwenye daftari linalokaa na vyeti. Usiandike kwenye simu hiyo hiyo. Ile ya kijana wa dukani iondoe ukiwa ndani, baada ya kuhakikisha vitu vimehamia mpya.

2. Washa bekapu ya WhatsApp kwenye akaunti hiyo mpya. Google wanatoa nafasi ya bure GB 15, na picha, imeili na WhatsApp vyote vinagawana humo. Video za utani futa.

3. Pateni au namba ya siri, mtu mmoja mwingine aijue. Mume na mke mmalizane wenyewe, mimi simo. Kama hamtaki kuonyeshana, iandikwe, ifungwe kwenye bahasha.

4. Google wana mpangilio wa akaunti isiyotumika, upo tangu 2013. Unachagua mtu wa kupelekewa vitu vyako ukikaa kimya miezi kadhaa. Wa iPhone nao wana wa kwao tangu Desemba 2021. Na mjue kwamba tangu Desemba 2023 Google wameanza kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kuguswa. Kwa hiyo hata bekapu ya marehemu haisubiri milele.

5. Kabla hujamwambia fundi "futa", uliza mambo mawili: imeili ya humu naijua? Kuna nini humu ambacho hakipo kwingine? Kama huna majibu, rudi nyumbani na simu yako. Kuriseti kutakuwepo hata kesho.

6. Kitu cha ukoo usikitunze peke yako. Tuma. Bando litarudi.

Hilo la sita nimelianza. Bibi yuko hai, ana miaka themanini na kitu, na Kisagara chake bado kikali. Nilimwomba arudie yale ya babu. Akasema babu yenu alikuwa anaongeza chumvi, ngoja niwaambie ilivyokuwa. Dakika 52. Kelele za kuku zimo, treni imepita katikati, na mara mbili amenigombeza kwamba sikai vizuri. Nilinunua bando la siku nzima pale pale Kilosa nikaituma kabla sijapanda gari. Mpaka naandika hapa iko kwenye simu tisa, ikiwemo ya shangazi ambaye ameshaanza kubisha kwamba na bibi naye ameongeza chumvi.

Nawasilisha. Jumatatu darasani.